Mwambie Baba Yako Mdogo

Wazo la kwenda mbugani lilikuwa langu, asisingiziwe mtu mwingine. Na niliichagua mbuga ile kwa sababu moja tu. Si twiga, si simba, si hewa safi. Kwenye tangazo lao walikuwa wameandika kwa herufi kubwa nyekundu: NI MARUFUKU KUSHUKA KWENYE GARI. Nikasema hapa hapa. Nitawapata wote wawili mahali ambapo mtu akinuna hawezi kufungua mlango akajiondokea, labda awe amechoka kuishi.

Wote wawili ni Baba na Baba Mdogo. Ni ndugu wa tumbo moja, na wana karakana moja ya kuchomelea mageti, milango na madirisha ya chuma. Wanafanya kazi chini ya bati moja, wanatumia mashine moja, chai wanamimina kutoka chupa moja. Na kwa miaka sita hawajasemezana hata neno. Kila neno linapita kwangu.

Msidhani natania. Baba anasimama huku, Baba Mdogo kule, katikati kuna meza ya kukatia vyuma isiyozidi upana wa mikono miwili. Baba anasema, "Mwambie baba yako mdogo paipu hizi ni fupi." Baba Mdogo amesikia, masikio yake hayana tatizo lolote. Lakini ananitazama mimi, anangoja. Nisiposema, paipu zitakaa pale mpaka ziote kutu. Basi nasema, "Baba Mdogo, Baba anasema paipu hizi ni fupi." Hapo ndipo anaguna, kana kwamba habari imemfikia sasa hivi kutoka mbali, anasema, "Mwambie baba yako, kama ni fupi akalete ndefu." Na Baba naye ananitazama, anangoja.

Na hayo ni maneno mepesi. Mazito nayachuja. Baba akisema "mwambie yule mvivu", mimi nasema "Baba anaomba". Baba Mdogo akisema "mwambie huyo mjuaji", mimi nasema "Baba Mdogo anashauri". Matusi niliyoyameza katika ile miaka sita yangetosha kunivimbisha tumbo.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye geti la shule. Walilitengeneza pamoja, wakalifunga pamoja, na kesho yake asubuhi geti likakutwa limelala chini na nguzo yake, kwa sababu saruji ilikuwa haijakauka. Hakuna aliyeumia. Lakini mwalimu mkuu alipouliza, Baba akajibu mbele ya walimu wote, "Mdogo wangu ndiye aliyeharakisha. Kazi hii bado hajaijua vizuri." Mtu amechomelea miaka ishirini, unamwambia hivyo mbele za watu. Baba Mdogo alivua miwani yake ya kuchomelea, akaiweka juu ya meza ya mwalimu mkuu, akasema, "Kuanzia leo ukiwa na la kuniambia, tuma mtu." Mtu mwenyewe nikawa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka tu kumaliza shule, nasaidia saidia pale karakana. Wakasema ni kwa wiki hiyo moja.

Wiki hiyo ndiyo imenizeesha. Mwaka jana nilipata nafasi ya mafunzo ya miaka miwili kwenye kampuni inayounda madaraja ya chuma, kitengo cha michoro, katika mji wa mbali. Mageti nimeyachora tangu nina kimo cha ndoo, nimeyachoka. Daraja ndilo ninalolitaka, kitu ambacho mtu anapita juu yake na mzigo wake bila hata kukifikiria. Nilipowaambia, Baba alisema, "Nenda tu, mwanangu. Karakana tutaifunga." Baba Mdogo, kivyake, akasema, "Nenda. Sisi tutauza mashine." Hakuna hata mmoja aliyenikataza. Wangenikataza ningekwenda. Badala yake walikaa pale, kila mmoja kwenye kiti chake, wananitazama kama watoto waliosahauliwa kuchukuliwa shuleni. Nikaandika barua ya kukataa. Nililia siku tatu, na sehemu kubwa ya machozi yale ilikuwa hasira.

Mwaka huu kampuni imeniita tena, na barua ikasema wazi kwamba hawataniita mara ya tatu. Basi la kwenda huko lingeondoka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Siku ya mbugani ilikuwa Jumamosi. Nilijijua. Wasiposemezana siku ile, Jumatatu ningewaangalia nyuso zao, moyo ungelainika, na ningebaki pale kwenye ile meza mpaka meno yanitoke, nasema "Baba anasema, Baba Mdogo anasema".

Mama alikataa kuja. Alisema simba wake wawili anawaona kila siku bila kiingilio. Nilipomweleza mpango wangu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," akaniambia. "Wakipatana, chukua kapu ukavune." Nikamwambia mimi nimelima miaka sita mpaka mpini umekatika, nahitaji mavuno. Akazidi kucheka, akaniambia niendeshe polepole.

Basi tukawa wanne kwenye pikapu ya karakana. Mimi kwenye usukani, Baba kando yangu kwa haki ya ukubwa, na kiti cha nyuma Baba Mdogo na binti yake wa mwisho, mwenye miaka saba, ambaye tunamwita Inspekta kwa sababu hakuna kitu anachokiacha kipite bila kukikagua. Huko nyuma kabisa, chini ya turubai, kulikuwa na vifaa vya kazi. Niliwaomba wavishushe. Baba akasema, "Mwambie baba yako mdogo fundi hatembei bila vifaa." Baba Mdogo akasema, "Mwambie baba yako hilo ndilo neno la kwanza la maana kulisikia kwake mwaka huu." Hiyo tulikuwa hata hatujatoka uani.

Tulianza na pundamilia.

"Mwambie baba yako mdogo," Baba akasema, "pundamilia hao, upande wake."

"Baba Mkubwa," Inspekta akasema, "Baba ana macho."

"Baba Mdogo," nikasema, "Baba anasema pundamilia hao upande wako."

"Mwambie baba yako nimewaona kabla yake."

Tukafika kwa twiga. Mmoja alikuwa amesimama katikati ya barabara, anatafuna, hana haraka na mtu. Baba akataka nimpitie kulia. Baba Mdogo akataka nimpitie kushoto. Yote mawili niliyasikia vizuri kabisa, na yote mawili nilitakiwa kuyapeleka, moja mbele na moja nyuma, halafu nilete majibu, huku mnyama mwenye shingo ndefu kama nguzo ya umeme ameinama anatuchungulia kwenye kioo. Safari ya sita ya kupeleka na kurudisha, kitu kikakatika ndani yangu. Nikazima gari.

"Sikilizeni," nikasema. "Kuanzia hapa mpaka tutoke, sibebi neno la mtu. Mwenye la kusema amwambie mwenzake. Mdomo anao, na sikio la mwenzake liko hapo hapo."

Baba akamtazama twiga. Nikasikia kutoka nyuma, "Mwambie baba yako amekulea vibaya."

Sikumwambia. Nikawasha gari, twiga akapisha mwenyewe, tukaendelea.

Hata Inspekta akaacha kuuliza maswali. Tukaingia eneo la simba. Simba alikuwepo mmoja, amelala chini ya kichaka na mgongo kauelekeza barabarani. Tulikaa pale robo saa. Hakutingisha hata sikio.

"Huyu amekufa?" Inspekta akauliza.

"Amelala," nikasema.

"Sasa sisi tumekuja kuangalia mtu amelala?"

Hapo nikaona jambo dogo lililonipa moyo. Baba Mdogo alikuwa anakula karanga. Akanyoosha mkono katikati ya viti, ngumi imejaa, na Baba, bila kugeuka, bila kuangalia, akafungua kiganja chake nyuma ya bega na kuzipokea. Walitafuna. Nikajiambia, haya sasa, mpango unafanya kazi, leo ndiyo leo. Wala sikujiuliza kiganja kile kilijuaje pa kwenda.

Kutoka kwa simba kuna mageti mawili makubwa ya chuma, na kati yake kuna nafasi ya magari mawili, imezungushiwa waya pande zote. Unaingia, geti la nyuma linafungwa, ndipo la mbele linafunguliwa, ili simba asije akatoka pamoja na wageni. Juu ya nguzo kuna kibanda, na ndani yake alikaa dada mmoja mlinzi mwenye kipaza sauti, anayavuta mageti kwa minyororo. Tukaingia. La nyuma likafungwa, nikasikia komeo likiingia mahali pake. La mbele likalia, likasogea kiasi cha kupitisha paka, likakwama.

Mlinzi akavuta tena. Likalia tena. Pembe yake ya chini ilikuwa imekita kwenye sakafu ya zege.

"Samahani wageni," kipaza sauti kikasema. "Geti lina hitilafu kidogo. Fundi wetu amekwenda mjini, atarudi saa kumi. Tafadhali msishuke."

Ilikuwa saa saba mchana.

Mimi naijua familia yangu. Kumweka fundi wa mageti mbele ya geti bovu na kumwambia atulie ni sawa na kumwambia mama atulie na mtoto analia chumba cha pili. Baba alianza kupumua kwa pua. Nyuma, Baba Mdogo alikuwa ameegemea mbele mpaka kidevu chake kimefika kwenye kiti cha Baba.

"Bawaba ya chini imelika," Baba akasema. Hakumwambia mtu. Alikiambia kioo cha mbele.

"Si ya chini," Baba Mdogo akasema, naye akakiambia kioo hicho hicho. "Ya juu imevutika. Ndiyo maana limelala."

Nikashika usukani kwa mikono miwili.

"Ingekuwa ya juu," Baba akasema, "lingeachia upande wa komeo."

"Limeachia upande wa komeo. Tazama pale."

Baba akatazama pale. Milango miwili ikafunguliwa kwa mpigo mmoja na wote wawili wakawa nje.

"Rudini kwenye gari," kipaza sauti kikasema. "Wazee, ni marufuku kushuka. Rudini kwenye gari."

"La simba umelifunga?" Baba akauliza.

"Nimelifunga na nimetia kufuli, lakini kanuni—"

"Basi tulia binti. Sisi kazi yetu ni mageti."

Turubai likafunuliwa. Zikatoka jeki, nyundo, mtaimbo na kopo la grisi. Na mimi, kwa macho yangu, nikawaona Baba na Baba Mdogo wanasemezana.

"Weka jeki hapo. Hapo hapana, utapasua zege."

"Nipe gogo basi niweke chini yake, au nitumie mguu wangu?"

"Hilo hapo. Haya, inua."

"Bado."

"Inua, unangoja nini?"

"Nangoja uondoe kidole chako, mzee, usije ukanisumbua mwaka mzima."

Nilishusha kioo nikasikiliza kama mtu anayesikiliza muziki. Nilikuwa nalia, sitaki kuficha. Kichwani nilikuwa nimeshafunga sanduku, nimeshapanda basi, nimeshakaa dirishani. Inspekta alikuwa amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma anatazama tulikotoka, akasema, "Dada, simba wameamka. Wako wanne. Wamekuja kutuangalia." Nikamwambia ni sawa, waangalie, kuna mengi ya kuona.

Ndipo Baba Mdogo, bega lake likiwa chini ya geti na mishipa imemtoka shingoni, aliposema, "Lishike kama tulivyolishika lile la zahanati."

"Lile la zahanati lilikuwa jepesi," Baba akajibu. "Hili ni kama lile la ghala, la mwezi wa nne. Unakumbuka lilivyotutoa jasho?"

"Nakumbuka. Mgongo wangu nao unakumbuka."

Machozi yangu yakakauka papo hapo.

Geti la zahanati lilifungwa mwaka jana mwezi wa tatu, mimi nikiwa nimelazwa na homa ya matumbo. Nilipotoka hospitali nikalikuta limesimama, na Baba akaniambia alipata vibarua wawili wa kumsaidia. Geti la ghala lilifungwa mwaka huu mwezi wa nne, wiki niliyokwenda kwenye usaili wa ile kampuni. Hilo nalo eti vibarua. Nikafungua mlango nikashuka.

"Na wewe dada," kipaza sauti kikaanza, halafu kikanyamaza, nadhani kwa jinsi alivyoiona sura yangu.

"Geti la zahanati mlilishika nani na nani?" nikauliza.

Walikuwa wamebeba geti wote wawili, mmoja kila upande wa jeki, hawawezi kuliachia wala kunikimbia. Nilitafuta mahali pa kuwabana, nikawa nimepapata kuliko nilivyopanga. Wakatazamana. Na kutazamana kwenyewe kulikuwa kwa watu waliozoea kutazamana.

"Baba," nikasema, "nimekuuliza."

"Mimi na mdogo wangu," Baba akasema.

"Mlianza lini kuongea?"

Baba Mdogo ndiye aliyesema. "Ulipolazwa. Siku ile ya nne, ulipokuwa humtambui mtu. Tulikuwa kwenye benchi nje ya wodi. Baba yako akaniuliza daktari amesemaje, nikamjibu. Hakuna aliyekumbuka kwamba hatusemezani. Tulikuwa tunadhani tunakuzika." Akahamisha uzito kutoka bega moja kwenda jingine. "Baadaye tukaogopa hata kucheka, tusije tukakumbuka."

"Nilitoka hospitali," nikasema. "Nilirudi karakana. Kwa nini hamkusema?"

"Siku uliyorudi," Baba akasema, "uliingia, umekonda, ukasimama pale kwenye meza, katikati yetu, mahali pako, ukauliza, 'Baba Mdogo, leo Baba anasemaje?' Tukashindwa kukuambia. Tukaona tukuambie kesho. Kesho yake tukaona wiki ijayo."

"Halafu ikaja barua ya madaraja."

"Halafu ikaja barua ya madaraja," akakubali.

Nikangoja. Nilitaka aseme mwenyewe. Mlinzi kule juu akasema kwa sauti ya chini, bila kipaza sauti, "Jamani, mtaniangushia geti." Hakuna aliyemjali.

"Kama tungesemezana mbele yako," Baba akasema, "ungeondoka."

Basi hapo ndipo nilipojua maana ya damu kuchemka. Mwaka mzima. Mwaka mzima nasimama kwenye meza ile nawapelekea maneno, nikitoka kwenda dukani wanapiga soga, nikirudi wananuna. Nafasi ya mwaka jana niliikataa kwa ajili ya ugomvi ambao ulishakufa na kuzikwa. Ndiyo maana Mama alicheka, naye alijua. Na karanga zile, kumbe si leo tu. Nikarudi garini, nikafunga mlango, nikapandisha kioo.

Walimaliza kazi. Sijui ilichukua muda gani. Geti lilifunguka laini kabisa, kwa sababu kazi wanaijua, hilo siwezi kuwanyima. Wakapanga vifaa, wakajifuta mikono kwa tambara moja, wakapanda kila mmoja kimya kimya. Simba wanne nyuma yetu walibaki wamekaa, wanatutazama tunavyoondoka.

Tulibakiza kipande cha mwisho cha mbuga, cha mbuni, kabla ya lango la kutokea. Sikuwa na nia ya kusemezana nao. Siyo siku ile, siyo kesho yake, na Jumatatu ningeondoka bila kuaga. Tatizo likawa Baba hakufunga mkanda, na mkanda usipofungwa ile pikapu hulia kama kifaranga, nao mlio ule ukanimaliza. Nikatazama kwenye kioo cha ndani.

"Inspekta," nikasema, "mwambie Baba Mkubwa wako afunge mkanda."

Inspekta akainuka, akashika kiti cha mbele. "Baba Mkubwa," akasema, "Dada anaomba ufunge mkanda."

Mimi sikuomba. Neno "anaomba" alilitia mwenyewe. Alilichuja. Miaka saba, na tayari amejua neno la kulainisha, kwa sababu amekua ananisikiliza mimi. Halafu akageuka kunitazama kwenye kioo, akangoja jibu la kupeleka.

"Mwambie dada yako," Baba akasema polepole, "nimefunga. Na mwambie—"

Nikakanyaga breki. Nilisimama katikati ya barabara, mbuni wakatawanyika huku wengine wakirudi kutushangaa.

"Usimwambie," nikasema. "Mtoto huyu habebi kitu. Inspekta, kaa chini, mama. Nimekosea mimi. Hii kazi haipo tena."

Inspekta akakaa. "Ilikuwa kazi?" akauliza.

Nikageuka nikamtazama Baba, uso kwa uso. Miaka sita nilikuwa nasema naye maneno ya mtu mwingine, nikagundua sijui yangu yanaanzia wapi. Nikaanza popote.

"Baba, mmeniibia mwaka. Nyinyi wote wawili. Nimewakasirikia sana, na sitaacha leo, na pengine sitaacha Jumatatu. Lakini nakuambia mwenyewe, sikutumii mtu. Jumatatu naondoka."

Baba alikuwa anatazama mikono yake. Ilikuwa bado na grisi kwenye kucha. Mtu ambaye alishindwa kumwomba radhi mdogo wake kwa miaka mitano mpaka mimi nilipokaribia kufa, sikumtegemea.

"Nilikosa, mwanangu," akasema. Alilisema kama mtu anayelijaribu neno, akaliona linashika. "Niliogopa nyumba kuwa kimya, nikakufungia ndani. Nenda. Mimi nitakupeleka kituoni mwenyewe."

Nilimwacha akae nalo, nami nikakaa nalo. Halafu nikatia gia.

"Saa kumi na mbili kamili," nikasema. "Basi halingoji mtu."

"Saa kumi nitakuwa nimeshaamka."

"Tutampeleka," Baba Mdogo akasema kutoka nyuma.

"Nimesema nitampeleka."

"Nami nimesema tutampeleka. Pikapu ni ya karakana, na karakana ni ya watu wawili."

"Wewe saa kumi na mbili umewahi kuiona wapi? Tangu utotoni unaamshwa kwa maji."

"Na wewe tangu utotoni unajifanya umeme bila wewe hauwaki. Lile geti la shule, nani alisema saruji imekauka?"

"Ahaa. Sasa tuseme ya geti la shule."

Wakasema ya geti la shule. Walisema mpaka lango la kutokea, wakasema barabara nzima, mmoja anaelekeza kidole mbele, mwingine anapiga kiti cha mwenzake kwa kiganja, wote kwa wakati mmoja, juu ya kichwa changu, mpaka masikio yakaniuma. Inspekta alilala katikati ya kelele zile. Tulifika nyumbani bado hawajafika kwenye saruji, wako kwenye nani alinunua mchanga. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kapu mkononi, anacheka. Na njia nzima hakuna aliyeniambia nimwambie mtu.